TREKTA LINAKULA HEWA
(Maneno ya Katibu mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Trekta letu limesimama na mvua zimekaribia. Wengine wetu tunasema limerogwa, wengine tunamlaumu dereva. Leo tuseme kweli: tumeliua wenyewe, kwa vumbi. Tueleweshane.

Injini ya dizeli hufanya kazi kwa hatua nne. Kwanza, pistoni inashuka, inavuta hewa ndani ya silinda. Pili, milango yote imefungwa, pistoni inapanda na kuibana ile hewa mpaka inabaki kama sehemu moja ya kumi na sita. Mwenye pampu ya baiskeli anajua: ukipiga sana, chini yake panaunguza mkono. Humu ndani joto hupita digrii 500. Tatu, nozeli inanyunyiza dizeli, nayo inawaka yenyewe bila plagi. Moto unaisukuma pistoni chini. Hatua hiyo peke yake ndiyo inayovuta jembe. Nne, pistoni inapanda tena, inatoa moshi nje. Basi, inaanza upya.

Sasa sikilizeni hesabu. Lita moja ya dizeli, ili iungue vizuri, inataka hewa kiasi cha lita 10,000 au zaidi. Hayo ni mapipa makubwa 50! Na sisi tunalima katikati ya vumbi.

Chujio la hewa lilipoziba, trekta lilitoa moshi mweusi, maana hewa haikutosha. Badala ya kuliosha, tukalivua, tukafurahi kwamba limepata nguvu. Hakuna aliyekataza, na sisi viongozi tulikuwepo. Vumbi likaingia, likala ringi na silinda kama msasa. Ukaja moshi wa bluu: oili inaungua. Leo hewa inavuja, haibaniki, haipati joto, dizeli haiwaki. Hata tukisukuma kijiji kizima, haliwaki.

Ringi na silinda mpya zitakula fedha tulizoweka za mbolea.

Kwa hiyo tumeazimia hivi. Kila asubuhi kabla ya kazi, bakuli la chujio lifunguliwe. Oili yake ikiwa tope, imwagwe, bakuli lioshwe, iwekwe oili safi mpaka kwenye alama. Dereva aandike katika daftari, mjumbe wa kamati atie sahihi. Daftari litundikwe hapa ubaoni. Tumejifunza kusoma, basi tulisome.

Msimu huu tutashika majembe ya mkono. Ujao, jamani, tusirudie.