Jiwe Jeusi Halifyonzi Sumu ya Nyoka

Ndugu zangu warina asali, njia ya kale ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji ilikatiza miombo ileile mnayoingia leo. Humo yumo kifutu, asiyekimbia asikiapo vishindo. Hulala kimya mpaka akanyagwe.

Minadani huuzwa jiwe jeusi lisemwalo kuwa hufyonza sumu. Msilinunue. Mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, nao hunata jerahani kwa sababu hunyonya majimaji tu. Wapo waumwao na nyoka asitie sumu; hao ndio hurudi kulisifu. Aliyetiwa sumu hulisubiri, na saa zinapita.

Fedha hiyo nunueni bendeji. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, avuliwe viatu, pete na bangili kabla uvimbe haujaanza. Mguu ufungwe banzi la mti usitikisike, ila usikazwe kamba: sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba huzidisha madhara. Msichanje wala msifyonze. Abebwe hadi hospitali, asitembee. Dawa ya kuzuia sumu haipo katika kila zahanati. Kabla hamjaingia porini, ulizeni inapatikana wapi.