TAKA ZA SOKO NI HAKI YA SHAMBA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini)



Sisi wenye vijiduka vya kando ya soko tumeombwa tuseme machache, nasi tumechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona duni, nalo ni jaa.

Kila alfajiri magari ya shamba huingia mjini yamesheheni ndizi, muhogo, mafenesi na maembe. Adhuhuri hurudi matupu. Yabakiayo ni maganda, majani ya migomba, matumbo ya samaki na matunda yaliyopondeka, nayo hulundikwa pamoja na mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa visiwani tangu mwaka 2006, na tukiulizana ni nani aitumiaye, sote huinamisha macho. Masika yakishuka, maji meusi hutiririka hata vizingitini mwetu. Ushuru twalipa kila siku, na risiti tunazo. Gari la kuzoa huja siku lipendayo.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haipo puani. Kusini na mashariki ya Unguja, kule Makunduchi na Jambiani, ardhi ni maweni matupu na udongo wake ni haba. Kila tunda litokalo shamba hubeba sehemu ya rutuba ya mkulima. Nasi rutuba hiyo twaitupa jaani, ikakosa hewa, ikavunda, na kutoa gesi ya methani izidishayo joto la dunia.

Kuirejesha si kazi ngumu. Taka mbichi huchanganywa na majani makavu, na makavu yawe mengi kuliko mbichi. Matumbo ya samaki hufukiwa katikati, kunguru wasiyaone. Tuta likipata hewa na unyevu, joto lake hupita digrii 55, hata mtu akitia mkono huutoa upesi. Joto hilo huua vijidudu vingi na mbegu za magugu. Hugeuzwa mara kwa mara, na baada ya miezi michache huwa mboji nyeusi.

Basi twataka kila meza iwe na mapakacha mawili, la maganda na la takataka nyingine, na yale magari yarudiyo matupu yachukue la maganda, nauli ikitolewa katika ushuru wetu. Jawabu likichelewa, sisi tutaanza. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, tukutane mlango wa soko, na kila ajaye aje na pakacha lake.