Madini ya Chuma: Damu ya Mama na Mtoto

Leo tutazungumza juu ya madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu.

Wewe mama unaamka alfajiri. Unachota maji, unalima, unatafuta kuni, unapika. Jioni lazima uchoke. Lakini kuna uchovu ambao hauishi hata ukilala usiku kucha. Ukipanda kilima kidogo unahema na moyo unakwenda mbio. Ukiinuka unapata kizunguzungu. Viganja, ulimi na ndani ya kope ya chini vimepauka. Wengine hutamani kula udongo au yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Ukiona dalili hizi, usiseme ni kazi nyingi tu. Huenda damu yako imepungua, na mara nyingi sababu ni kukosa chuma cha kutosha.

Chuma huisaidia damu kubeba hewa safi kutoka mapafuni hadi kila sehemu ya mwili. Ukiwa mjamzito, damu yako inahitaji kuongezeka kwa karibu nusu. Mtoto naye, akiwa bado tumboni, hujiwekea akiba ya chuma ya kumtosha takriban miezi 6 ya kwanza. Anaichukua kutoka kwako. Kama huna, atazaliwa na akiba ndogo.

Tena kuna siku ya kujifungua. Hapa Kenya, kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya akina mama. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kustahimili kupoteza kiasi fulani. Mama aliyefika hospitalini damu ikiwa kidogo anaweza kufa kwa kupoteza kiasi hicho hicho.

Sasa utaniuliza: sisi tunakula ndengu, kunde, mbaazi, maharagwe, mchicha na mnavu, na vyote vina chuma. Mbona basi damu inapungua?

Sikiliza vizuri hapa. Chuma kilicho katika nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha ndengu na mboga huingia kwa shida. Kina kitu kinachokizuia, na kina kitu kinachokisaidia.

Kinachokizuia ni chai. Katika nyumba nyingi, sahani ya muthokoi au chapati kwa ndengu huandamana na kikombe cha chai. Majani ya chai hushikana na chuma tumboni, nacho hutoka na choo bila kuingia katika damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kukupotezea zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungepata. Kahawa pia huzuia. Sikuambii uache chai kabisa. Itenge tu na chakula. Ukishakula, subiri saa 1 hadi 2 ndipo unywe.

Kinachokisaidia ni vitamini C. Hiyo tunayo tele: machungwa, maembe, mapapai, mapera, ndimu, nyanya na mabuyu. Kamulia ndimu juu ya mboga ukishaepua. Kula kipande cha embe au chungwa pamoja na ndengu. Mwanzoni mwa mwaka, maembe yanapoiva na ndengu zinapovunwa, usimuuzie broka zote. Weka za nyumbani kwanza.

Kuku akichinjwa, usiwape baba na wageni minofu na maini yote. Kipande kidogo cha nyama katika sahani ya mama na mtoto husaidia hata chuma cha ndengu kuingia vizuri zaidi. Jambo jingine: tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa paketi uongezwe madini, chuma kikiwemo. Mahindi unayopeleka mwenyewe kusagwa kwa mashine huwa hayajaongezwa kitu, kwa hivyo mboga na ndengu zisikose mezani.

Na wewe nyanya unayelea wajukuu, mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Kuanzia hapo akiba yake inakwisha, na uji mtupu haumtoshi. Mpondee ndengu, mboga, yai au maini ya kuku. Usimpe chai, hata iwe na maziwa mengi. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya kutimiza mwaka 1.

Mama mjamzito, chakula pekee mara nyingi hakitoshi. Anza kliniki mapema, mara unapojua una mimba. Ukipimwa damu, usitosheke na kuambiwa iko sawa. Uliza: damu yangu ni ngapi? Kwa mjamzito, chini ya 11 kwa kawaida ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa inayohitaji matibabu hospitalini bila kungoja. Kipimo ni muhimu kwa sababu malaria, minyoo ya safura na ugonjwa wa selimundu pia hupunguza damu, na kila kimoja kina tiba yake. Lala ndani ya neti, tumia choo, vaa viatu, na uulize kliniki kuhusu dawa ya minyoo.

Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa, meza kila siku kwa maji au maji ya chungwa. Usivimeze kwa chai wala maziwa. Choo kikiwa cheusi usiogope, hiyo ni kawaida ya vidonge hivi. Vikikuletea kichefuchefu, meza usiku unapokwenda kulala. Wengine husema vidonge hukuza mtoto hadi ashindwe kuzaliwa. Hiyo si kweli. Wala usidhani soda au juisi ni dawa ya damu kwa kuwa ni nyekundu. Ukipata nafuu usiache vidonge kabla hujaambiwa, maana mwili bado unajaza akiba. Tena vifiche mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi ni sumu inayoweza kumuua. Mkimbize hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Kwa hivyo leo jioni, ndengu zikiiva, weka ndimu mezani na uache birika jikoni hadi baadaye. Na siku yako ya kliniki ikifika, uliza damu yako ni ngapi.