Usiku wa Kuamkia Ijumaa: Mazungumzo kwa Wakazi Kuhusu Safari ya Kwenda na Kutoka Kiwanja cha Ndege



Kwa mkazi wa Kisarawe, Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo karibu kuliko kilivyo kwa Watanzania walio wengi. Msafiri wa Kigoma au wa Songea huanza safari siku moja au mbili kabla; wa Kisarawe huteremka milima ya Pugu, akapita Gongo la Mboto na Ukonga, akawa amefika. Ukaribu huo ndio unaoponza. Anayetoka mbali huwahi kwa sababu hana namna nyingine, ilhali anayetoka karibu huondoka dakika za mwisho, akiamini kwamba njia aliyoizoea haiwezi kumtupa. Na anayeachwa na ndege hapotezi siku moja tu. Tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi fedha, na katika kaya nyingi fedha hiyo ni korosho ya msimu mzima, au kipande cha shamba kilichouzwa, au mkopo wa kikundi ambao wanachama wenzake bado wanaudai. Kwa binti mwenye mkataba wa kazi Muscat, au mzee aliyeweka akiba miaka kadhaa ili aende kuhiji, saa moja ya kuchelewa yaweza kugharimu safari yote.

Kosa lililo kubwa kuliko yote hufanyika nyumbani, tiketi ikiwa mkononi. Mashirika ya ndege huandika muda kwa hesabu ya saa 24 inayoanza usiku wa manane, na Kiswahili huhesabu saa kwa kufuata macheo na machweo. Tiketi ikisema 04:35, hiyo ni saa kumi na dakika 35 alfajiri. Ikisema 16:35, hiyo ni saa kumi na dakika 35 jioni. Katika simu ya haraka zote mbili huitwa "saa kumi na nusu hivi", na familia huchagua ile inayoipendeza, yaani ya jioni. Ndiyo maana msafiri hatakiwi kuridhika na saa aliyotajiwa kwa mdomo na wakala wala na ndugu aliyeko ughaibuni. Aione kwa macho, tena imeandikwa kwa tarakimu.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndege ya 04:35 siku ya Ijumaa huondoka katika usiku ambao wengi wangeuita Alhamisi usiku. Anayesoma "Ijumaa", akala chakula cha mchana Ijumaa, akaaga majirani na kufika kiwanjani Ijumaa jioni, huambiwa kwamba ndege yake iliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Hapa hesabu ya wazee ni bora kuliko ya vijana. Kwa wazee wa Pwani, usiku ni wa siku inayofuata: jua likizama Alhamisi, Ijumaa imekwisha kuingia. Bibi asiyejua kusoma, akielezwa kwamba ndege inaondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, hafanyi kosa ambalo mjukuu wake mwenye cheti anaweza kulifanya. Kwa tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na 06:00, maneno hayo, "usiku wa kuamkia", yaandikwe kwa kalamu juu ya karatasi ya tiketi.

Baada ya hapo hesabu ifanywe kurudi nyuma. Saa iliyo kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Haimhusu msafiri aliyeko bado nyumbani. Muda unaomhusu ni ule wa kufungwa kwa dirisha la kupokea abiria na mizigo, ambao kwa safari za nje kwa kawaida ni saa moja kabla ya ndege kuondoka, na mashirika mengine hufunga mapema zaidi. Ushauri wa kufika saa tatu kabla haukutungwa kwa ajili ya kuwasumbua watu: kuna foleni ya ukaguzi mlangoni, ya kupima mizigo, ya Uhamiaji, kisha ukaguzi mwingine. Kwa ndege ya 04:35, basi, dirisha litafungwa saa tisa na dakika 35 usiku, na msafiri anapaswa kuwa mlangoni saa saba na nusu usiku.

Saa saba na nusu usiku hakuna daladala ya kutegemewa kutoka Kisarawe. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni gari la kukodi, la dereva anayefahamika, bei ikiwa imekubaliwa mapema na namba ya simu ya dereva wa pili ikiwa mfukoni. Ya pili ni kuondoka Alhamisi kabla ya magharibi kwa usafiri wa kawaida, kisha kungoja kiwanjani au kwa jamaa aliyeko Ukonga au Kipawa. Hiyo ya pili inachosha, lakini ni nafuu na ni salama zaidi. Pancha katika milima ya Pugu saa sita usiku haina fundi.

Kuhusu njia yenyewe, maelezo hayahitaji kuwa marefu kwa watu wanaoipita kila juma. Barabara ya Nyerere, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani, Barabara ya Pugu, hujaa asubuhi kuelekea mjini na jioni kutoka mjini. Mwenye ndege ya asubuhi huingia katika foleni moja na wafanyakazi na wanafunzi wanaotoka Gongo la Mboto. Aondoke kabla yao. Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyopangiwa awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka, na popote penye ujenzi au mabadiliko ya vituo, abiria aulize mapema daladala inasimama wapi. Jambo moja halibadiliki: daladala humshusha abiria kando ya barabara kuu, wala haimfikishi mlango wa jengo. Mwenye masanduku mawili aiweke gharama ya kipande hicho cha mwisho katika bajeti yake.

Wakazi wa Kiluvya wana hesabu tofauti, kwa kuwa wao wako Barabara ya Morogoro. Wanaweza kupita Ubungo, wakafuata Barabara ya Mandela hadi TAZARA, ambako daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018 limepunguza adha ya makutano yale. Au wakakata Mbezi, wakapita Malamba Mawili na Kinyerezi na kutokea Banana, karibu kabisa na kiwanja. Kwa gari dogo, njia hii ya pili mara nyingi humwepusha msafiri na foleni ya Ubungo. Na kwa jamaa wanaokuja kutoka Dodoma au Morogoro kwa treni ya SGR, kituo cha Pugu kipo upande huu wa kiwanja. Wahakikishe tu, wanapokata tiketi, kwamba treni yao inasimama Pugu, kwa sababu si zote zinazosimama hapo.

Kiwanja kina majengo matatu ya abiria, na dereva asipoelezwa atakwenda kwenye lile analolijua yeye. Safari za nje ya nchi ziko katika Jengo la Tatu, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019 na kusanifiwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Jengo la Pili, la mwaka 1984, limebaki kwa safari za ndani. Anayeshuka kwa ndege kutoka Mwanza akaunganishe safari ya Dubai hana budi kuhama jengo, na muda wa kuhama uhesabiwe. Kwa kawaida ada ya huduma kwa abiria imekwisha kulipwa ndani ya bei ya tiketi. Mtu anayemfuata msafiri nje ya jengo akidai "ada ya uwanja" kwa fedha taslimu hastahili kupewa hata shilingi. Pasipoti nayo ishikwe na msafiri mwenyewe tangu nyumbani, isikae mkononi mwa wakala wala mpambe. Na chupa ya asali ya shangazi, au samli, iingie kwenye sanduku la kupimwa, kwa kuwa kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti katika mkoba wa mkononi.

Kuna jambo lisilopendeza kusemwa, lakini lina gharama kubwa. Ni desturi njema kumsindikiza msafiri, na hakuna anayeomba iachwe. Hata hivyo, Coaster nzima ya wasindikizaji huondoka kwa kumngoja aliyesahau kitambaa, husimama Gongo la Mboto kununua maji, na hufika saa ambayo dirisha limebakiza dakika kumi, kisha wote hao hawaruhusiwi kuvuka mlango. Dua, machozi na picha vifanyike nyumbani, mchana, kwa utulivu. Kiwanjani aende mtu mmoja au wawili, na mmoja wao abaki hapo mpaka msafiri apige simu kwamba amekwisha kupita Uhamiaji, kwa sababu mzigo ukizidi uzito, au karatasi ikikosekana, huyo ndiye atakayeufaa mkono.

Kurudi kuna taabu yake. Anayesema kwa simu "napanda Alhamisi usiku" huenda akatua Ijumaa, na saa zote za tiketi ni za mahali husika: Muscat na Dubai ziko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Wapokeaji waulize saa ya kutua Dar es Salaam na tarehe yake, pamoja na namba ya ndege, kisha waongeze walau saa moja kwa ajili ya Uhamiaji, mizigo na forodha. Sanduku lisipoonekana, msafiri aandikishe taarifa kabla ya kutoka ukumbini, kwa kuwa akishavuka mlango madai yake huwa magumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Zawadi zifungwe kwa kitu kingine.

Anayetua saa nane za usiku hana haja ya kupanda bodaboda na masanduku mapya kuelekea Pugu, hata akiwa na hamu ya kuwaona watoto. Nauli ya teksi ikubaliwe kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na kama hakuna gari la mtu anayefahamika, alale kwa jamaa au katika nyumba ya wageni iliyo jirani, apige simu kwamba amefika salama, na apande basi la Kisarawe kukipambazuka.