Kujenga Nguvu kwa Uzito wa Mwili: Maneno kwa Wanaoanza

Huku Sumbawanga baridi yatubana. Twasema nanyi kutoka nchi iliyosifika zamani kwa chuma. Hata sasa mpitaji huweza kuona katika Ufipa mabaki ya zile tanuru ndefu za udongo ambamo wazee waliyeyushia mawe, wakapata majembe na mashoka. Lakini nguvu tutakazozinena jioni hii hazihitaji chuma hata kidogo. Chombo chake ni mwili wenyewe na uzito wake.

Kwanza hapana budi tuungame kosa. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa kengele huamriwa kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono mara ishirini au thelathini, zoezi ambalo vijana huliita pushapu. Sisi nasi, tulipokuwa walimu wapya, tuliamuru vivyo hivyo pasipo kufikiri. Siku moja kijana mmoja mwembamba alijiinua mara mbili. Ya tatu mikono ikamtetemeka, akaanguka kidevu chini, na darasa zima likacheka. Hakulia. Lakini tangu siku ile, kila ilipofika saa ya michezo, alikuwa na udhuru: leo tumbo, kesho mguu. Tulimfundisha hesabu vizuri, na papo hapo tukamfundisha kuuchukia mwili wake.

Tungalifanyaje? Jambo lenyewe ni jepesi. Mtu ajiinuaye kutoka chini, mikono na vidole vya miguu vikiwa ardhini, huinua kwa mikono yapata theluthi mbili za uzito wake. Mwenye kilo 60 huinua karibu kilo 40, na hakuna mwalimu mwenye akili ampaye mtoto mgeni wa kazi gunia la kilo 40 alibebe mara thelathini. Bali asimame mbele ya ukuta, aweke viganja ukutani, aukurubie kwa kifua kisha ajisukume nyuma, mwili umenyoka kama ubao tangu kisigino hata kisogo. Hapo mzigo ni mdogo. Akiweza vema, ahamie kwenye meza imara, kisha benchi, kisha kigogo kilicholala, mwisho ardhini. Kadiri mikono ishukavyo, ndivyo mzigo uzidivyo. Hiyo ndiyo mizani yetu, wala hainunuliwi dukani.

Miguu nayo ina ngazi zake. Aanze kwa kuketi juu ya kiti na kuinuka pasipo kushika kitu. Kisha achuchumae bila kiti, visigino visiinuke. Na kwa mgongo, alale chini ya meza nzito, ashike ukingo wake na kukivuta kifua juu, visigino vikibaki chini. Lakini kwanza aijaribu meza hiyo, isije ikampindukia.

Kila zoezi afanye mara nane, apumzike dakika mbili, arudie hata zitimie duru tatu. Aache wakati angali aweza kufanya mara mbili tena, asingoje kuanguka. Siku zifuatazo aongeze moja moja. Akifika mara kumi na mbili katika duru zote tatu, ndipo ashuke ngazi. Siku tatu kwa juma zatosha, kama Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye kazi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kila juma.

Wazee wetu hutuuliza, “Mwalimu, mtu aliyelima tangu alfajiri ataka mazoezi gani tena?” Swali hilo lina haki, wala hatuthubutu kumhubiria nguvu mama aliyepanda kutoka Bonde la Rukwa na mzigo kichwani. Ila jembe huinamisha na kuvuta. Halisukumi, na mgongo huchoka kwa upande ule ule kila siku. Tena wanafunzi wetu huketi madawatini tangu asubuhi hata alasiri. Hao hawana jembe wala zoezi.

Sasa, nguvu hutokaje? Juma la kwanza hata la nne msuli haunenepi sana, na wengi hukata tamaa kwa kujitazama katika kioo. Lakini nguvu imekwisha kuongezeka, kwa kuwa mishipa ya fahamu yajifunza kuiamsha misuli iliyokuwa imelala. Msuli wenyewe hufuata polepole, nao hujengeka wakati wa kupumzika. Mkulima wa Ufipa aelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Yeye hufukia nyasi chini ya udongo, akafanya matuta ya mviringo, yale tuyaitayo ntumba, akayaacha nyasi zioze ziwe mbolea. Afukuaye tuta kila asubuhi kutazama kama zimeoza hapati kitu.

Hekima ya kuongeza mzigo kwa vipimo si yetu. Mwaka 1945 tabibu wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alieleza jinsi alivyowatibu askari walioumia magoti: badala ya kuwalaza tu, aliwapa uzito wa kuinua, akiuongeza kadiri walivyopata nguvu. Wengi hapo kwanza walidhani uzito utawavunja.

Chakula ni kile kile cha nyumbani: ugali wa ulezi au mahindi, na zaidi sana maharagwe, dagaa, samaki, maziwa na mayai kwa awezaye. Maumivu ya misuli siku ya pili si ugonjwa, yataondoka. Lakini maumivu makali katika kiungo, au kifua kubana, ni amri ya kuacha na kwenda kwa mganga wa hospitali. Mwenye mimba, au mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, amwulize kwanza. Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku si mchezo; tembeeni upesi dakika tano, mzungushe mabega, ndipo mwanze.

Chuoni petu, vijana wanaojifunza ualimu sasa huanza wote ukutani, hata yule mwenye mabega ya fundi seremala, na hakuna apewaye zoezi kwa adhabu. Nasi, tulipotimiza miaka arobaini tukajipima, tukaona aibu yetu: ardhini hatukuweza hata mara moja. Basi tukaenda ukutani pamoja nao. Walitucheka, tukawaacha wacheke. Yapata miezi mitano imepita. Tumefika ardhini, twaweza mara saba. Ya nane bado yatushinda.