Kima cha Chini cha Mshahara na Kibarua wa Kyela



Oktoba 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kingepanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, kuanzia 1 Januari 2026. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha, lakini wastani unaficha mengi. Katika amri iliyotangulia, iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa taasisi ya fedha aliwekewa 592,000, wa shambani 140,000, na wa nyumbani anayelala kwa mwajiri 60,000.

Waajiri husema mshahara ukipandishwa kwa amri, watu watapunguzwa kazini. Sipuuzi hoja hiyo, maana tuliyaona hayo hapa nchini. Kufuatia ripoti ya Chesworth ya 1962 kuhusu kima cha chini Tanganyika, viwango vipya vilianza 1963, na mashamba ya mkonge yakabaki na watu wachache waliofanya kazi nyingi zaidi. Hata hivyo amri ile haikuwa peke yake. Bei ya mkonge nayo ilianguka kuanzia katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za plastiki zikachukua soko. Kuibebesha amri lawama yote si haki. Huko Marekani, David Card na Alan Krueger walichunguza migahawa ya New Jersey baada ya kima kupanda 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, wasione ajira ikipungua. Mwajiri mwenye nguvu ya kujipangia mshahara huweza kuongeza malipo na bado akabaki na watu wake.

Lakini wilayani kwetu Kyela mwajiri ni nani? Wazee wetu wa Unyakyusa waliufuata mshahara kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya Afrika Kusini. Leo kijana anaitwa asubuhi na jirani mwenye eka mbili za kakao. Anakata matunda, anayapasua, anazifunika mbegu kwa majani ya mgomba zichachuke, na siku kadhaa baadaye wengine huitwa kuzianika. Analipwa kwa kipande, jioni hiyo hiyo. Hakuna mkataba wala karatasi ya mshahara, na afisa kazi hafiki. Ukigawa 140,000 za amri ya 2023 kwa siku 26 za kazi unapata kama 5,385 kwa siku, lakini shambani hakuna anayelipa kwa hesabu hiyo. Malipo yanafuata msimu, bei na shida aliyonayo kijana.

Mwaka 2024 kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia. Aliyeneemeka kwanza ni mwenye miti. Asiye na mti aliendelea kuuza nguvu zake tu. Ndiyo maana nasema pengo la kipato Kyela linaanzia kwenye ardhi, na amri ya mshahara pekee haiwezi kuliziba.

Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambayo amri inaweza kufika, nayo ni majumbani mwetu. Binti anatoka kijijini kwenda Mbeya au Dar es Salaam, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Shilingi 60,000 za amri ya 2023 zilikuwa 2,000 kwa siku. Tunajitetea kwamba anakula na kulala bure. Mlinzi wa hoteli akipewa pa kulala kazini, nani humkata mshahara kwa ajili ya kitanda? Hapa sioni hatari kubwa ya ajira kupotea, kwa sababu familia yenye watoto wadogo na wazazi wote kazini haiwezi kukaa bila msaidizi.

Naiomba Bodi ya Kima cha Chini cha Mshahara iifute tofauti ya mshahara kati ya anayelala kwa mwajiri na anayerudi kwao. Nanyi mliomo ukumbini, wengi wenu ni waajiri. Mwandikieni dada wa kazi mkataba mwezi huu, mkitaja mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko.