Tairi Kwanza, Fremu Baadaye: Kuchagua Baiskeli ya Kikopey

Kikopey inajulikana kwa nyama choma. Malori na matatu za barabara kuu ya Nairobi–Nakuru hupunguza mwendo hapo, na mtu akiiacha lami hatua chache tu anakanyaga vumbi, lile linaloteremka hadi upande wa Ziwa Elementaita. Makala hii inahusu mpaka huo wa lami na vumbi, maana ndio unaoamua mtu wa hapa anunue baiskeli gani. Wanunuzi wengi huanza na fremu: rangi yake, jina lililoandikwa ubavuni, wepesi wake ikiinuliwa kwa mkono mmoja dukani. Hoja ya makala hii ni kwamba waanze na tairi.

Tairi la baiskeli ya mashindano, lenye upana wa milimita 25, hujazwa upepo hadi psi 80 au zaidi. Kwenye lami linapaa. Likiingia kwenye vumbi la volkano linazama, usukani unayumba, na mwenye baiskeli anashuka kusukuma. Tairi la milimita 40 likijazwa psi 35 hadi 45 hutanuka kidogo linapokanyaga, uzito ukasambaa, baiskeli ikapita. Wanaoteleza kwenye theluji kwa ubao wanaijua sana kanuni hii: theluji ikiwa laini na ya kina huchukua ubao mpana usiozama, na ikiwa ngumu huchukua mwembamba unaokata kona kwa ukingo wake.

Halafu kuna mbigili.

Nani amewahi kuendesha kando ya malisho ya Bonde la Ufa asipate pancha? Siku hizi wapo wanaoondoa tyubu kabisa na kumimina dawa ya majimaji ndani ya tairi. Mwiba ukitoboa, dawa yenyewe inaziba tundu safarini. Ni mbinu nzuri, ila rimu na tairi sharti ziwe za aina inayoikubali, na dawa hukauka baada ya miezi michache ikahitaji kuongezwa. Anayeishi mbali na duka la vipuri bado ana haki ya kubaki na tyubu, viraka na pampu.

Historia ya mchezo huu nchini inaunga mkono vumbi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifunzwa na David Kinjah wa timu ya Safari Simbaz kule Kikuyu, na baiskeli za milimani zilikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Baadaye akashinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Suleiman Kangangi, maarufu kama Sule, alipita njia ya kinyume. Mwaka 2017 alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuizunguka Rwanda, ambayo ni ya barabarani, kisha akageukia changarawe akiwa na timu ya Amani, iliyo nyuma ya mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza Maasai Mara mwaka 2021. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Miguu ilikuwa ileile. Njia ilipobadilika, baiskeli nayo ikabadilika.

Anayebeba mizigo asione haya kuendesha baiskeli nzito. Black Mamba, yenye breki za fimbo na magurudumu ya inchi 28, imebeba maziwa, makaa na abiria tangu zamani, na fundi yeyote wa soko anaijua. Udhaifu wake uko kwenye breki: mvua ikilowesha rimu za chuma, mteremko wa kutoka mji jirani wa Gilgil unamtisha hata mzoefu. Ndiyo sababu Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief, imewekewa breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, iliyofichwa ndani ya habu ambako maji hayafiki. Kerea yake imeundwa kuhimili kilo 100.

Kwa wapenda milima, kazi iko kwenye gia. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kupanda huko kutoka Gilgil si mchezo. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zinazokuja na mitumba zina meno 39 mbele na 25 nyuma kwenye gia iliyo nyepesi kuliko zote, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unalazimisha gurudumu lizunguke mara moja na nusu. Meno yakiwa 34 kwa 34, gurudumu linazunguka mara moja tu, na magoti yanashukuru.

Saizi hupimwa, haikisiwi. Mtu asimame ukutani bila viatu, abane kitabu katikati ya mapaja na kukivuta juu kabisa, kisha apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho kikizidishwa kwa 0.883 hutoa urefu wa kiti kutoka katikati ya mhimili unaoshika mikono yote miwili ya pedali: sentimita 80 zinatoa 70.6. Fremu kubwa haiponywi kwa kushusha kiti, kwa sababu usukani unabaki palepale, mbali na mikono.

Mwenye pesa kidogo atafute baiskeli ya milimani ya mtumba, inchi 26, isiyo na springi mbele. Springi za bei rahisi huongeza uzito na kumeza nguvu kwenye mlima. Akishainunua, aiepushe na oili chafu ya injini, ambayo hunasa vumbi hadi cheni ikajisaga yenyewe. Tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, kisha kitambaa, vinatosha.

Kabla ya kulipa, apitishe kidole kati ya tairi la nyuma na fremu, pande zote mbili. Kidole kikikwama, tairi pana halitaingia hapo kamwe, na muuzaji arudishiwe baiskeli yake.